Kompyuta Yake Ni Nzima, Programu Yako Ndiyo Mbovu

Leo sina habari za simu mpya wala tovuti mpya. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo naielekeza kwangu mwenyewe. Nitaanza na kosa langu kabla sijawarukia wenzangu.

Dada mmoja anayesomea shahada ya uzamili aliniomba msaada. Alikuwa na data za DNA za mbu, akataka programu ya kulinganisha vipande vya DNA hiyo na jenomu nzima. Msimbo wake ni huria, mtu yeyote anaweza kuuchukua, lakini kuukompaili, yaani kuugeuza kutoka maandishi ya binadamu hadi lugha ya mashine, kulikuwa kumemshinda. Nikamwambia hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nikaikompaili kwenye kompyuta yangu ya mezani, nikaijaribu, ikakimbia kama swara. Nikamwekea kwenye flashi na kulala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Laptopu yake ilikuwa ya Celeron N4020, ameinunua mpya, ndani ya boksi. Alipoanzisha programu, skrini ikampa maneno mawili tu: "Illegal instruction". Amri isiyo halali! Akadhani laptopu imeharibika au imeingiwa na virusi. Hakunipigia simu, aliona haya kunisumbua mara ya pili. Akaipeleka kwa fundi, naye fundi alipoona jambo asilolijua akaifomati. Majedwali ya wiki mbili, ambayo hakuwa ameyahifadhi kwingine, yakaenda. Aliporudi nyumbani akaendesha tena programu yangu. Maneno yale yale mawili.

Laptopu ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichokuwa kibovu ni faili nililompa mimi.

Sasa tuelewane ni nini kilichotokea, maana hata watu wa fani yetu wengi hawalijui vizuri.

Prosesa zote za familia ya x86-64, zilizoanza na Opteron ya AMD mwaka 2003, zinaelewa seti moja ya msingi ya amri. Ndani ya msingi huo kuna SSE2, ambayo huishika namba mbili za desimali zenye usahihi wa biti 64 na kuzifanyia hesabu kwa pamoja. Mwaka 2011 Intel ikaleta AVX katika kizazi cha Sandy Bridge: namba nne kwa pamoja. Mwaka 2013, katika kizazi cha Haswell, zikaja AVX2 na FMA, na FMA huzidisha na kujumlisha ndani ya amri moja. AVX-512, yenye namba nane kwa pamoja, ikaonekana kwenye Xeon Phi mwaka 2016 kisha kwenye prosesa za seva mwaka 2017.

Kwa programu ya barua pepe hayo hayana maana sana. Kwa programu ya sayansi ndiyo roho yenyewe. Utabiri wa hali ya hewa, uigaji wa molekuli, takwimu za magonjwa: chini kabisa yote ni kuzidisha na kujumlisha, mara mabilioni. Amri moja ya SSE2 hufanya hesabu 2. Amri moja ya FMA kwenye Haswell hufanya 8, yaani kuzidisha mara nne na kujumlisha mara nne. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Kompaila hutumia amri ulizoiruhusu. Na hapa ndipo sisi watengenezaji tunapopenda kuandika maneno haya: -march=native. Maana yake, tumia kila amri iliyomo kwenye mashine hii niliyokalia. Kwa programu utakayoiendesha mwenyewe hapo hapo, sawa kabisa. Kwa programu utakayompa mtu mwingine, wewe ni fundi cherehani aliyejipima mwenyewe kisha akamshonea mteja.

Prosesa ikikutana na amri isiyoijua haikisii. Inasimama, inauarifu mfumo wa uendeshaji, na mfumo unaiua programu papo hapo. Hakuna maelezo wala namba ya ukurasa wa msaada. Mbaya zaidi, haifi lazima mwanzoni. Inakufa inapofikia amri ile. Ikiwa amri hiyo imo kwenye hatua ya mwisho ya kazi, mtu ataacha laptopu ikichemka usiku kucha, aamke akute maneno mawili.

Haya, sasa twende kwa hoja za wenzangu. Nimezisikia zote, na nyingine nilikuwa nazitoa mwenyewe.

Hoja ya kwanza: "Anunue kompyuta mpya." Hii ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu imejengwa juu ya uongo. Wanadhani jambo hili ni la umri. Celeron N4020 ilitoka mwishoni mwa mwaka 2019 na haina AVX. Celeron N4500 ilitoka mwaka 2021, haina AVX. Pentium Gold G5400 ya mwaka 2018 imejengwa kwa muundo wa kizazi kimoja na Core i3 za wakati wake, lakini AVX imezimwa. Kisha shuka Luthuli Avenue, ulizia HP EliteBook 840 G1 ya ex-UK, mtumba wa kizazi cha Haswell cha mwaka 2013. Ina AVX2!

Umeona? Mtumba wa mwaka 2013 unaendesha programu ambayo laptopu mpya ya mwaka 2021 haiwezi. Kilichoamua ni bei. Kwa miaka mingi Intel iliuza prosesa zake za bei ya chini bila amri hizo, na laptopu ndogo za aina hii zilipata AVX2 zilipokuja N100 na ndugu zake mwaka 2023. Kwa hivyo mtengenezaji anaposema programu yake haishughuliki na "kompyuta za zamani", mara nyingi anasema haishughuliki na kompyuta za watu wasio na pesa, hata kama hakukusudia hivyo. Na huyo asiye na pesa ndiye mwanafunzi, mwalimu wa sekondari, mtu wa maabara ndogo ya wilayani.

Wala usidhani seva kubwa itakuokoa. Ukikodi mashine pepe, prosesa unayoionyeshwa ndani yake ni ile aliyeiweka mwenye seva aliyoamua uione. QEMU kwa mfano, ikiachwa na prosesa yake ya kawaida ya kuigiza, haionyeshi AVX, hata kama chuma kilicho chini ni kipya.

Hoja ya pili: "Tuliwatangazia." Chukua TensorFlow. Toleo la 1.6, mwaka 2018, lilianza kusambazwa likiwa limekompailiwa kwa AVX. Nawapa haki yao: waliandika wazi kwenye maelezo ya toleo kwamba prosesa za zamani huenda zikashindwa. Lakini nani husoma maelezo ya toleo kabla ya kusakinisha? Unaandika pip install, kifurushi kinashuka, kinasakinishwa bila neno, halafu Python nzima inakufa ukiita maktaba hiyo. Lebo ya kawaida ya vifurushi vya pip inataja toleo la Python, mfumo wa uendeshaji na familia ya prosesa. Haina mahali pa kuandika AVX. Kwa hiyo pip inaleta faili kwa uaminifu kabisa bila kujua kwamba inampelekea mtu kisichomfaa. Tangazo lililobandikwa mahali ambapo msafiri hapiti halijamsaidia msafiri.

Hoja ya tatu: "Basi unataka turudi mwaka 2003?" Hapana! Hapa nakubaliana nao. Kukompaili kila kitu kwa amri za msingi tu ni kosa la upande wa pili. TensorFlow yenyewe, kabla ya toleo hilo, ilikuwa ikiwaandikia watu wenye mashine nzuri kwamba prosesa yao ina amri ambazo faili hilo halikukompailiwa kuzitumia. Yaani una trekta, unalimia jembe. Mtafiti mwenye seva ya mamilioni ya shilingi ana haki ya kupata kasi aliyoilipia, sawa na vile mwenye Celeron ana haki ya kupata jibu, hata likichelewa.

Mabishano haya yote huenda kana kwamba kuna njia mbili tu: kuwaburuta wenye mashine za bei nafuu au kuwarudisha nyuma wenye mashine kali. Njia ya tatu ipo, na imekuwepo kwa miaka. Beba matoleo kadhaa ya sehemu nzito, kisha programu ikiamka iulize prosesa, "Wewe unajua nini?" Ichague inayofaa.

OpenBLAS inafanya hivyo. Maktaba hii ya hesabu za matriksi ilizaliwa mwaka 2011 kutokana na GotoBLAS2 ya Kazushige Goto. Ukiikompaili kwa chaguo la DYNAMIC_ARCH, faili moja linabeba msimbo wa vizazi vingi vya prosesa na kuchagua wakati wa kuanza. Vifurushi vya NumPy vya pip vimekuwa vikija na OpenBLAS ya namna hiyo, ndiyo maana kifurushi kile kile huzidisha matriksi kwenye Celeron na kwenye Xeon pia. NumPy yenyewe, tangu toleo la 1.20 la Januari 2021, ina utaratibu wake wa kuchagua namna hiyo katika sehemu zake.

Ukiona hilo ni gumu, angalia bwa-mem2, programu ya kupanga vipande vya DNA, jamii ile ile ya kazi ya yule dada. Wao wanatoa faili kadhaa, moja la SSE4.1, jingine la AVX, jingine la AVX2, jingine la AVX-512, pamoja na kijiprogramu kidogo cha mlangoni kinachokagua prosesa na kuita faili linalofaa. Mtumiaji anaandika jina moja tu. Hakuna uchawi hapo, ila kuna heshima kwa mtumiaji.

Na kama msimbo wako ni wa C, kompaila ya GCC tangu toleo la 6, mwaka 2016, inakuwezesha kuweka mstari huu juu ya kazi nzito:

__attribute__((target_clones("avx2","default")))

Mstari mmoja! Kwenye Linux yenye glibc, kompaila inatengeneza nakala mbili za kazi hiyo na kuweka kichaguzi chenyewe. Taja uwezo, kama hapo nilivyotaja avx2, usitaje jina la prosesa.

Kwa maktaba nzima nzima kuna njia nyingine. Mwaka 2020 AMD, Intel, Red Hat na SUSE walikubaliana juu ya ngazi za x86-64: baada ya msingi kuna v2, v3 na v4. Tangu glibc 2.33 ya mwaka 2021, unaweza kuweka nakala ya maktaba yako katika saraka ya kila ngazi, na mfumo utapakia ya juu kabisa ambayo prosesa inaiweza. Na wenye kompyuta kubwa za utafiti wanafanya hivyo hivyo kwa kiwango chao: mradi wa EESSI wa Ulaya na wenzao wa Kanada hukompaili rundo zima la programu kwa vizazi kadhaa vya prosesa, kisha hulisambaza kwa CernVM-FS, mfumo wa faili uliotoka CERN. Mashine huchukua faili inazozihitaji tu, kwa hiyo rundo kubwa halimzidi mtu.

Hoja ya nne: "Faili litakuwa kubwa." Kwa programu nyingi, muda mwingi wa kazi umo ndani ya sehemu chache za msimbo. Rudufu hizo tu.

Hoja ya tano: "Majibu yatatofautiana." Hii ni hoja ya mtu anayejua, nami naiheshimu. FMA hukadiria tarakimu za mwisho mara moja badala ya mara mbili, na kujumlisha namba nne nne hubadili mpangilio wa kujumlisha. Tarakimu za mwisho zinaweza kuhama. Lakini zinahama hata sasa, kila mtu anapokompaili kivyake, na hakuna anayejua nani alitumia nini. Dawa ni kumpa mtumiaji swichi. OpenBLAS ina OPENBLAS_CORETYPE, NumPy ina NPY_DISABLE_CPU_FEATURES. Kisha andika kwenye kumbukumbu za kazi ni njia gani iliyotumika. GROMACS, programu ya kuiga molekuli, huandika hivyo, na hata hukuambia kama faili ulilonalo halilingani na prosesa yako.

Hoja ya sita: "Kuna mitego." Ipo, na nitaitaja ili asije mtu akaniambia nimewadanganya.

Kwanza, usiulize kabila la prosesa. Kwa miaka kompaila za Intel zilitengeneza msimbo ulioangalia kama prosesa ni ya Intel kabla ya kutumia njia ya haraka, na prosesa za AMD zikapewa njia ya polepole hata zilipokuwa na amri zote. Agner Fog aliliandikia sana jambo hilo, na likaingia hadi kwenye makubaliano ya mwaka 2010 kati ya Intel na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani.

Pili, uliza uwezo mmoja mmoja. AVX-512 ilitajwa kama njia ya mbele, kisha Core za kizazi cha 12 za mwaka 2021 zikauzwa bila kuitegemeza, na AMD ikaileta kwenye Zen 4 mwaka 2022. Anayedhani "kipya zaidi kina kila kitu" atapigwa mweleka.

Tatu, sehemu inayokagua isikompailiwe kwa AVX. Utacheka, lakini hutokea: programu inakufa kabla haijauliza swali.

Nne, wa C++ jihadharini na kazi ndogo zilizo kwenye faili za vichwa. Zikikompailiwa mara mbili, mara kwa msingi na mara kwa AVX2, kiunganishi huweka nakala moja na kutupa nyingine. Kikibaki na ile ya AVX2, umewaua wenye Celeron bila kujua, na msimbo wako ukiusoma unaonekana safi.

Mitego hiyo ni kazi, sikatai. Lakini ni kazi ya mtu mmoja, mtengenezaji, mara moja. Ukiikwepa, haipotei. Unaigawa kwa maelfu ya watu wasio na ujuzi wa kuifanya, na kila mmoja anailipa kivyake: huyu kwa siku, yule kwa pesa za fundi, mwingine kwa data zake.

Sisemi mtu asiinue sakafu. Red Hat Enterprise Linux 9, mwaka 2022, ilitaka angalau v2. Toleo la 10, mwaka 2025, linataka v3, na hapo Celeron nilizozitaja ziko nje. Sipendi, lakini wametaja sakafu kwa jina na namba, na mtu anaweza kupanga safari yake. Debian nao wana vifurushi vidogo vya ukaguzi: programu inayohitaji amri fulani inaweza kuvitegemea, na prosesa isipokuwa nazo usakinishaji unakataa ukiwa bado mlangoni. Kukataa kwa maneno ni ustaarabu. Kuua kimya kimya sio.

Kwa hiyo ninayodai ni haya, na ninajidai mwenyewe kwanza:

1. Usimpe mtu faili ulilolikompaili kwa -march=native. Kamwe.

2. Taja sakafu yako pale pale penye kitufe cha kupakua, si kwenye maelezo ya toleo.

3. Rudufu kazi nzito, chagua wakati wa kuendesha.

4. Jaribu kwenye mashine ya bei ya chini. Kama huna, iagize QEMU iige Nehalem ya mwaka 2008, ambayo haina AVX, uone kama programu yako itaishi.

5. Ukishindwa na yote hayo, angalau kagua mwanzoni na uandike sentensi ya kueleweka: "Programu hii inahitaji prosesa yenye AVX2. Prosesa yako haina. Kompyuta yako haijaharibika."

Hiyo ya tano ni mistari michache ya msimbo. Sentensi yake ya mwisho ingemwokolea yule dada majedwali yake.

Na wewe msomaji usiye mtengenezaji, ukikutana na maneno yale mawili kwenye Linux, usikimbilie kwa fundi. Fungua dirisha la amri, andika grep avx2 /proc/cpuinfo. Usipoona kitu, prosesa yako haina amri hizo, basi. Mwandikie mtengenezaji, mwambie jina la prosesa yako, umwombe toleo la SSE2. Huombi msaada wa huruma, unaripoti hitilafu.

Nilimkompailia upya. Safari hii faili moja, nakala mbili ndani, ukaguzi mlangoni. Nilimpelekea mwenyewe, nikaliendesha mbele yake kwenye Celeron ile ile, kisha kwenye mashine yangu. Kwake lilikwenda polepole, likamaliza asubuhi. Nikamwomba radhi kwa majedwali. Akaniuliza swali moja ambalo sijaacha kuliwaza: "Sasa kaka, mbona halikuniambia hivyo tangu mwanzo?"

Sikuwa na jibu. Mwenye nalo anipe.